Collateral Beauty ya Will Smith: msiba mmoja, wafiwa kibao. Njooni tujadili

#1
Mtoto wa Chumbageni

Wakuu salama? Leo nafungua uzi kuhusu muvi ya zamani kidogo, Collateral Beauty ya Will Smith, ilitoka Desemba 2016, najua wengi mlishaiona na wengine mlilia kabisa msijifanye wagumu. Sijaja kuiponda kwa sababu nia yake njema na kuna sehemu inakuingia mpaka kwenye mifupa, nimekuja kulalamika kama mtu anayelalamikia pilau ambalo mpishi katia kila kilichokuwa jikoni. Tahadhari, humu namwaga ubuyu wote na mbegu zake, kama hujaiona na unataka kuiona pita kushoto.

Iko hivi. Nilikuwa Tanga kwa bi mkubwa, mvua inanyesha siku ya tatu hakuna pa kwenda, akaniambia baba hebu niwekee picha. Bi mkubwa hasemi muvi anasema picha, ni kizazi cha picha za Kihindi za saa tatu, kiingereza chake ni thank you na sorry basi. Kwa hiyo mimi nakaa na laptop mapajani yeye kwenye mkeka, natafsiri kama wale jamaa wa vibanda umiza, tofauti yangu na wao sipigi kelele na siongezi chumvi (sana).

Siku ya kwanza nilimwekea The Pursuit of Happyness, ile ya 2006 ya Will Smith huyu huyu na mwanawe. Wakuu sikutafsiri hata robo. Mtu ana mtoto, hana hela, mke kaondoka, anakimbia San Francisco nzima na lile limashine lake la kupimia mifupa. Ilipofika ile ya kulala chooni stesheni ya treni, kakaa sakafuni mtoto kalala mapajani, watu wanagonga nje yeye kazuia mlango kwa mguu chozi linamshuka kimya kimya, bi mkubwa akasema tu "masikini, hana pa kumlaza mtoto." Mimi hapo mdomo nimefunga. Picha imejitafsiri yenyewe.

Nikasema basi, huyu Will Smith anamfaa mama, kesho yake nikamwekea hii nyingine. Na mimi nilikuwa sijawahi kuiona, nimeibeba tu kwenye flash. Kwanza alipouliza inaitwaje nikakwama, nikajaribu "uzuri wa pembeni", "uzuri unaotokea kwenye madhara", akasema haya we weka.

Mwanzo wakuu ni mtamu. Howard ni bosi wa kampuni ya matangazo New York, anaongea na wafanyakazi wake uso umejaa nuru, anawaambia vitu vitatu ndio vinavyowaunganisha binadamu wote, mapenzi, wakati na kifo. Halafu picha inaruka miaka mitatu. Jamaa kaota mvi, hasemi na mtu, yuko ofisini anapanga dhumna. Hachezi, anapanga. Minara, madaraja, rangi rangi, siku nenda siku rudi, akimaliza anasukuma moja anaondoka zake, hata hageuki kuangalia zinavyoanguka. Bi mkubwa akauliza, "kafiwa?" Nikamwambia ndio, binti yake, miaka sita. Akasema "mm", akauvuta mkeka akakaa vizuri.

Hapo muvi imeshatushika wote wawili. Na kama ingebaki na huyo mtu na dhumna zake ningekuwa sijaandika uzi huu.

Sasa ikaanza kualika watu. Wakaja marafiki zake watatu wa kazini, Edward Norton, Kate Winslet na Michael Peña. Kampuni inazama kwa sababu wateja walikuwa wanakuja kwa ajili ya Howard na Howard hasemi na mtu, kuna anayetaka kuinunua lakini Howard ndiye mwenye sauti kubwa ya hisa na hatii sahihi. Kwa hiyo wanakodi mpelelezi, mama mmoja mtu mzima, amfuatilie. Mpelelezi anagundua Howard anaandika barua anaposti, barua moja kaandikia Mapenzi, moja Wakati, moja Kifo. Basi hawa marafiki wanakodi waigizaji watatu wa jukwaani, Helen Mirren awe Kifo, Keira Knightley awe Mapenzi, na kijana mmoja awe Wakati, wamtokee njiani wamjibu barua zake, huku wanamrekodi kwa siri, halafu kwenye kompyuta wanawafuta wale waigizaji ili aonekane anagombana na hewa, ili ithibitike akili yake haiko sawa, ili kampuni iuzwe.

Mmeisoma hiyo sentensi? Mimi niliisema kwa mdomo, kwa kiswahili, huku picha inaendelea kwenda. Nilipomaliza bi mkubwa kaniangalia.

"Hao watatu nani wake?"
"Marafiki zake mama."
"Wanamfanyia hivyo mtu aliyefiwa?"
"Ndio, ila..."
"Basi hao si marafiki."

Nikamwambia subiri mama, na wao wana shida zao. Na kweli wanazo, hiyo ndio shida yangu. Norton alichepuka, ndoa ikavunjika, binti yake hataki kumuona. Na mama yake Norton naye akili zimeanza kumpotea uzeeni. Winslet umri unakwenda anataka mtoto, anaangalia mbegu za kununua (bi mkubwa: astaghfirullah). Peña alishaugua kansa akapona sasa imerudi na mkewe hajui, na wana kichanga. Kila mmoja anapewa mwigizaji wake wa kumliwaza, Norton na Mapenzi, Winslet na Wakati, Peña na Kifo. Imepangwa kama chai ya harusi, kila meza na birika lake. Na yote hayo ndani ya saa moja na nusu na ushee. Kila sura mpya ikitokea bi mkubwa ananiuliza swali moja tu, "na huyu naye kafiwa na nani?"

Nilichoka wakuu. Ikafika mahali natafsiri shida ya Winslet wakati kwenye kioo tayari tuko kwa Norton, nikarudi nyuma, nikasogeza mbele, nikasema mama huyu mwache tu.

Katikati ya fujo hiyo yupo Naomie Harris, Madeleine, anaongoza kikundi cha wazazi waliofiwa na watoto. Howard anafika anasimama nje dirishani, siku nyingine anaingia anakaa, hawezi hata kutaja jina la mtoto wake. Wanaongea vimaneno viwili vitatu. Mara ya kwanza tu wanakaa kuongea bi mkubwa akasema, "huyu ndiye mkewe."

Nikamwambia hapana mama, huyu ni kiongozi wa kikundi, wamekutana leo. Akasema, "mwanamke hamwangalii mwanamume mgeni hivyo."

Ubuyu wenyewe ndio huu: ni mkewe. Yule yule mama wa mtoto. Walipozika ndoa ikafa, Howard akamwandikia kikaratasi kwamba laiti wangerudi kuwa watu wasiojuana, na yule mama akakubali, akawa anampokea mume wake mlangoni kama mgeni, mwenzangu karibu, jina lako nani. Imefichwa mpaka dakika za mwisho ili sisi tushtuke. Halafu anamkalisha kwenye kochi anamwekea video, yeye na binti yake wanacheza.

Bi mkubwa hakusema kitu. Niwaambie tu kwamba bi mkubwa alizika mtoto, mdogo wangu aliyenifuata, mimi nikiwa darasa la pili. Katika miaka yote hiyo sijawahi kumsikia yeye na mzee wakilitaja lile jina wakiwa chumba kimoja. Mzee akitoka ndio mama atalitaja. Mama akienda sokoni ndio mzee atalitaja.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Muvi ilikuwa ndani ya muvi. Watu wawili waliozaa pamoja wakazika pamoja, wanajifanya hawajuani kwa sababu kujuana kunauma. Hiyo peke yake inatosha saa mbili. Wenyewe wakaifanya saprais ya mwisho, dakika zilizobaki wakawagawia wauza kampuni. Nyie mlionaje?

#2
Kibatari

Umemwaga ubuyu wote mkuu 😂😂 nilikuwa nimeishusha juzi na bando la usiku, gb moja na nusu imekwenda na maji. Nafuta.

#3
Mtoto wa Chumbageni

Kibatari nilisema pita kushoto, wewe umenyoosha. Usifute, ile ya dhumna itazame tu.

#4
Bint Mwembeladu

Assalaam alaykum. Mie nakupinga kidogo kaka, usinune. Wewe unasema msiba mmoja wafiwa wengi kama vile ni kosa. Umeshakaa msibani upande wa wanawake? Kila anaeingia pale analia wake. Anakuja jirani anamlilia marehemu dakika mbili, ya tatu anamlilia mama yake aliekufa zamani, ya nne anamlilia mume aliemwacha. Na mwenye msiba anajua, wala haoni vibaya, ndo maana ya kukaa pamoja. Mie niliiona hii picha nikasema naam, ndivyo ulivyo ulimwengu, huyu kafiwa, huyu anaumwa, huyu hana mtoto, yote yanakwenda pamoja kampuni moja. Kwa nini mmoja ndo awe na haki ya kulia?

Na huyo Norton aliekubebesha mzigo wa kutafsiri, ile ya yeye na mama yake ndo iliyonipendeza kuliko zote. Mama anasema mambo hayapo, kila siku wanambishia anazidi kuchanganyikiwa, mwisho yule mtoto anaamua kuingia kwenye huo ulimwengu wa mama na kumwitikia. Mie bibi yangu alikuwa hivyo. Ukimwambia "bibi huyo mtu kesha kufa" ni kama umemfisha siku ile. Ukimwambia "katoka kidogo" anatulia anakunywa chai yake.

#5
Mtoto wa Chumbageni

Waalaykum salaam dada. Hapo kwenye msiba umenibana na ni kweli, upande wetu wa turubai pia yapo ila sisi tunajificha kwenye stori za mpira. Lakini angalia tofauti. Msibani hao wote wanaolia vyao wamekaa kwenye mkeka mmoja, wanaonana. Kwenye muvi kila mtu analia kwenye kona yake na mwigizaji wake wa kukodi, Winslet hajui ya Peña, Peña hajui ya Norton, na Howard mwenye msiba ndio anaonekana kidogo kuliko wote. Na wewe mwenyewe umeona, ile ya Norton na mama yake ambayo ndiyo nzuri imepewa dakika ngapi? Imewekwa pale ili Norton apate wazo la kukodi waigizaji. Yaani ugonjwa wa mama yake mzazi umetumika kama daraja la kuvukia kwenda kwenye mpango wa kuuza kampuni. Hilo ndilo linaniuma, wingi wenyewe kwangu si kitu.

#6
Bint Mwembeladu

Hapo kwenye daraja nimekufahamu. Lakini sijakubali yote.

#7
Fundi Mkasi

Wakuu mimi naediti, nimeshika mkasi kwenye kazi za hapa Bongo miaka kadhaa, ngoja niwape upande wa jikoni. Mnadhani mwandishi ndiye mwenye makosa siku zote, hapana. Angalia lile bango. Will Smith, Norton, Winslet, Knightley, Mirren, Naomie Harris, Peña. Sasa ukishamwita Helen Mirren huwezi kumwambia aje aseme mistari miwili akapande teksi. Kila jina kubwa linataka pa kung'ara, sehemu ya kulia, sehemu ya kuchekesha, sehemu ya kusema jambo zito mbele ya kamera peke yake. Ukiwa na majina saba una sehemu saba za kulia. Hapo muvi imeshajaa hata hujaanza kushuti.

Huku kwetu ni kali zaidi. Niliwahi kupewa kazi moja (sisemi ya nani) ya mama aliyekataliwa na wanawe, stori safi kabisa, mtu mzima kakaa kibarazani anasubiri simu. Nikaletewa nakala ya pili ya skripti kumeongezeka mchungaji, kumeongezeka mganga, kumeongezeka shamba lenye mgogoro, na binti anayetaka kuwa msanii. Nikauliza vipi. Nikaambiwa aliyechangia hela ya kamera ana mdogo wake anaimba, mwenye nyumba tuliyoshutia anataka aonekane, na mwenye shamba katupa shamba bure kwa sharti na yeye awemo. Nimekaa na mkasi wiki tatu. Mama wa kibarazani alibaki na dakika kumi na moja, nilizihesabu. Na bado wakaniambia nikate iwe pati wani na pati tuu.

Kingine, hii Collateral Beauty ilishapangwa na mwongozaji mwingine, Alfonso Gomez-Rejon, akatoka, ndio akaja David Frankel yule wa The Devil Wears Prada. Na kabla ya Will Smith alitajwa Hugh Jackman. Mimi sisemi hiyo ndiyo sababu, ila nikiona kazi imepita mikono mingi huwa naangalia mishono kwanza.

#8
Ankal Mzoefu

Muvi za kulia lia ni za akina mama, tafuteni za ngumi mtulie. Steringi anapanga dhumna saa nzima? Si angemtafuta aliyemuua mtoto.

#9
Kibatari

Ankal mtoto kafa kwa kansa ya ubongo, amtafute nani, kansa? 😂

#10
Ankal Mzoefu

Si kuna yule Kifo wamemkodi. Angeanza na yeye.

#11
Mtoto wa Chumbageni

Ankal usicheke, hiyo ipo! Howard anamwambia Helen Mirren maneno makali sana, na Wakati naye akamkuta ofisini akamfokea, na Mapenzi akamfuata mgahawani. Zile tatu ndio zilizopaswa kuwa mgongo wa muvi, mtu anagombana na Kifo uso kwa uso, nani asiyetaka kuona hiyo? Lakini huwezi kuingia nayo moja kwa moja kwa sababu akili yako inajua pale pembeni kuna mtu na kamera anarekodi. Jamaa anamwaga uchungu wa kufiwa wewe unawaza hii video wataifutaje yule bibi. Wamejiharibia wenyewe.

#12
Jirani wa Kayole

Niaje watu wa Bongo, Mkenya hapa. Nimesoma uzi wote nikiwa kwa matatu, jam ni ile ya kuzoea. Nataka kuwauliza kitu. Mmegundua huyo Michael Peña alikuwa pia kwa Crash? Ile ya Paul Haggis, ilishinda Oscar ya filamu bora mwaka wa 2006 ikashinda hata Brokeback Mountain na watu wakakasirika mpaka wa leo. Hiyo nayo ni vile vile, nia nzuri, inataka kuongea juu ya ubaguzi wa rangi Los Angeles, imejaza watu hadi mlangoni. Polisi, mke wa mwanasheria, wezi wa magari, Mwajemi mwenye duka, Don Cheadle na mamake. Kila mtu anagongana na kila mtu ndani ya siku mbili kama mji una watu kumi.

Lakini maze, kuna ile ya Peña na katoto kake. Katoto kanaogopa risasi kamejificha chini ya kitanda, babake anajifanya ana joho lisiloonekana ambalo risasi haipiti, analivua shingoni kwake anamfunga mtoto. Ni hewa tu anashika. Halafu siku yenyewe mtu mwenye duka anakuja na bunduki na katoto kanakimbia kumkinga babake kwa sababu kenyewe ndiko kenye joho. Mimi niliangalia hiyo nikasimama. Risasi zilikuwa za bandia, mtoto hakufa, lakini sikurudi kukaa chini.

Sasa swali. Hiyo yote ni hadithi moja kati ya kumi pale ndani, na haikuhitaji dakika nyingi. Kwa hivyo shida ni wingi ama ni kitu kingine?

#13
Mwalimu wa Zamu

Jirani swali lako zuri sana, naomba nijibu kama nilivyozoea darasani, mnisamehe.

Ile ya joho inafanya kazi kwa sababu kitu kilichopandwa mwanzoni ndicho kilichovunwa mwishoni, na waliohusika ni wale wale, baba na mtoto. Hakuna aliyekuja kueleza. Kwenye Collateral Beauty watu wanaeleza mno. Kila mmoja ana kikao na mwigizaji wake anaambiwa shida yake ni nini na aitatueje. Nikisahihisha insha za vidato nakutana na kitu hicho hicho, mtoto anaanza na bibi yake aliyeng'oka jino, tamu kweli kweli, ukurasa wa pili kaona haitoshi kaingiza ajali, wa tatu UKIMWI, wa nne anaiasa jamii. Anadhani jino ni jambo dogo.

Mwaka ule ule 2016 ilitoka Manchester by the Sea ya Kenneth Lonergan, Casey Affleck akachukua nayo Oscar. Jambo ni lile lile, mzazi aliyepoteza watoto, na hatia juu yake. Ile ni ndefu kuliko hii, inapita saa mbili, lakini watu hawajazidi. Mtu anarudi mji wa kwao kwa sababu kaka yake amekufa na ameachiwa amlee mtoto wa marehemu. Kuna jambo la ardhi kuganda kwa baridi, maiti haiwezi kuzikwa mpaka masika, inabidi ikae kwenye friza. Basi siku moja yule kijana anafungua friji jikoni kwao, nyama zilizoganda zinamdondokea, anaanza kuhangaika kuzirudisha hazirudi, anapasuka kulia. Kuku waliogandishwa! Hakuna aliyemwambia "unalia kwa sababu ya baba yako." Mtazamaji anajua mwenyewe.

Na mke wa zamani yumo pia, Michelle Williams. Wanakutana barabarani na kigari cha mtoto, anataka kusema samahani maneno hayatoki, yule mwanamume anataka kuondoka, wanakatizana, hakuna aliyemaliza sentensi. Hawakumficha kwamba ni mke. Tunajua tangu mapema, na kwa kuwa tunajua, tunaogopa siku watakayokutana.

#14
Mtoto wa Chumbageni

Mwalimu hapo kwenye "tunajua tangu mapema" ndipo nilipokuwa napatafuta uzi mzima sipapati. Bi mkubwa alijua mapema kwa macho tu, na kuanzia hapo yeye alikuwa anaangalia muvi nyingine tofauti na yangu. Kila Madeleine akitokea anasogea mbele. Mimi nasubiri saprais, yeye anasubiri wale wawili waache kudanganyana. Nikimwambia mama hapa Norton anaongea na binti yake anasema "sawa sawa" macho yako mlangoni anamsubiri mama mtu arudi. Fikiria kama wangetuambia wote dakika ya ishirini. Kila "jina lako nani" ingekuwa kisu.

#15
Fundi Mkasi

Ningeipata ile footage ningekukatia hiyo version kwa usiku mmoja. Natoa mpelelezi, natoa kuuza kampuni, barua zinabaki, waigizaji hawajulikani ni nani wala wametoka wapi. Dhumna, kikundi, mke. Dakika sabini.

#16
Bint Mwembeladu

Na mama yake Norton umwache.

#17
Fundi Mkasi

Sawa dada, na mama yake Norton. Unaona sasa, tumeanza 😂

#18
Jirani wa Kayole

Hehe fundi ameshaongezewa mtu. Ndio hivyo Hollywood inaanza.

Kitu kingine, Naomie Harris mwaka huo huo yuko kwa Moonlight, yule mama wa dawa za kulevya, na walishuti sehemu zake kwa siku tatu tu. Akapata nomination ya Oscar. Siku tatu buda. Hiyo nayo ina sehemu tatu za maisha, waigizaji watatu kwa mtu mmoja, lakini ni mtu mmoja. Unatoka ukimjua.

#19
Kibatari

Mimi nimeiangalia sasa hivi kwa sababu yenu. Swali la kijinga. Mwishoni wale waigizaji walikuwa watu au ndio Kifo na Mapenzi na Wakati wenyewe? Maana pale darajani Howard anageuka anawaona, mke akiangalia hayupo mtu.

#20
Mtoto wa Chumbageni

Ndio wanataka uwaze hivyo, na yule bibi aliyeongea na Madeleine hospitalini siku mtoto anakata roho ndiye Helen Mirren. Kwa hiyo juu ya yote yale ongeza na majini.

Bi mkubwa kwenye hilo alikuwa na maoni yake. Alisema kama yule ni malaika wa mauti kweli, asingekubali kulipwa.

#21
Ankal Mzoefu

Huyo bi mkubwa apewe safu yake humu.

#22
Mwalimu wa Zamu

Naunga mkono. Na ile sehemu ya kikaoni alisemaje, wakimwonyesha Howard zile video zilizofutwa watu, naye anatia sahihi na kuwasamehe wote watatu mezani hapo hapo?

#23
Mtoto wa Chumbageni

Alisema "kawasamehe haraka, huyo amechoka tu." Mwalimu ile kikaoni kwa kweli Will Smith anaigiza sana, anamgeukia Peña anamwambia anajua anaumwa, kakisikia kile kikohozi, usimfiche mkeo. Mtu ambaye wote walimuona hayupo kumbe ndiye alikuwa anasikia. Nzuri ile. Nilitaka nisiipe sifa lakini naipa.

#24
Mtoto wa Chumbageni

Wakuu narudi na mrejesho maana uzi umenifanya nimpigie bi mkubwa leo jioni. Nikamuuliza mama unaikumbuka ile picha ya mtu wa dhumna? Akasema naikumbuka sana. Nikajipanga, nikajua sasa atanisaidia hoja, atataja mke na mume nije niwanyamazishe humu. Akaniuliza, "yule kijana mwenye kikohozi, mwenye mtoto mchanga, alipona?"

Nikamwambia mama muvi haikusema. Anamwambia mkewe, basi.

Akanyamaza kidogo akasema, "sasa walimleta wa nini kama hawakumalizia? Mimi nimemwombea."

#25
Bint Mwembeladu

Hahaha kaka! Si nilikwambia kila mtu ana haki ya kulia. Msalimie mama sana, mwambie nae wa Unguja kamwombea.

#26
Fundi Mkasi

Haya na Peña simkati. Dakika tisini na tano.